Hivi kwanini wazee wa pwani walikuwa wanapachika sahani na bakuli ukutani?

#1 Mjukuu wa Pangani
Wakuu salama?
Kuna jambo limenikaa kichwani tangu nitoke likizo. Nyumba ya bibi kule Pangani ni ya zamani, ya mawe na chokaa, kuta nene hadi dirishani mtoto anakaa na miguu haifiki nje. Juu ya mlango wa kuingilia chumba cha ndani kuna sahani. Haijaning'inizwa, imezamishwa kwenye plasta kabisa, unaona uso wake tu kama mtu aliyejifunika shuka hadi mashavuni. Nyeupe, maua ya buluu, na ufa umeikata mshazari kutoka juu mpaka chini.
Sasa tunakarabati, fundi kauliza itoke au ibaki, ukoo umegawanyika. Mjomba anasema itoke iuzwe kwasababu kuna mtu kamwambia ni ya Mchina ya enzi za Ming na hela yake inanunua kiwanja. Shangazi anasema anayeitoa ajue anachotafuta. Bibi mwenyewe hayupo tena, ila nilipokuwa mdogo nilimuuliza mara moja akanijibu "hilo ni jicho la nyumba, usilitazame sana", akaendelea kusuka ukili wake.
Sasa nauliza, yalikuwa mapambo tu au ilikuwa na kazi?

#2 Kobe Mwendo
Nimevuta jamvi, nina kahawa, wajuzi shukeni.

#3 Mwana wa Ndia Kuu
Waalaykum salaam, mleta mada. Kwetu Lamu hili si geni hebu nianze mimi. Nyumba za mawe za zamani, hasa zile za karne ya 18, ukiingia unapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, unakuja kiwanda, yaani ua wa wazi, kisha misana, vyumba virefu vya mbele, na mwisho kabisa ni ndani. Huko ndani ndiko kuna ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vimechongwa kwa plasta safu juu ya safu, vingine na nakshi kama mkufu. Humo zikiwekwa sahani na bakuli za kigeni, mitungi, vitu vya thamani. Anayebisha aende Lamu kwenye ile nyumba ya Waswahili waliyoifanya makumbusho, ukuta uko pale anauona kwa macho yake.
Sasa yako wewe si ya kuwekwa kidakani, ni ya kujengewa. Hiyo ni tabia nyengine lakini ni ndugu. Hata Inkishafi, ule utenzi wa zamani, ikisema habari za mji wa Pate ulivyoporomoka, katika alama za anguko imetaja madaka ya sahani, yaani hizo zidaka, yamekuwa malalo ya ndege. Maana yake nini? Maana yake nyumba ya mtu mkubwa ilijulikana kwa sahani zake. Ni utajiri tu bwana, ni kama vile leo mtu aweka tivii ya inchi mia na hana mida ya kuitazama.

#4 Sponji
Tivii ya inchi mia huku anakula kwa jirani, hao tunao.

#5 Binti Hamisi
Mimi sikubaliani na utajiri peke yake. Bibi yake mleta mada kashajibu, JICHO. Sahani ni ya husuda. Mgeni akiingia macho yake yanaenda kwanza kwenye kinachong'aa, ule ukali wa jicho unaishia pale, haumfikii mtoto wala bi harusi. Na ikiwa mtu ana jicho zito kwelikweli sahani inapasuka. Umesema ina ufa si ndio? Basi ilishafanya kazi yake siku moja na nyie hamkujua. Mama yangu alikuwa na kibakuli juu ya kabati hakiguswi, kilikatika vipande viwili usiku bila mtu kukisogelea, asubuhi tukasikia mgeni fulani aliyekuja jana yake kafanya vituko huko alikokwenda. Mnaweza kucheka mkitaka.

#6 Hesabu Kali
Sicheki dada ila kibakuli kukatika usiku kina sababu mia, baridi, panya, kabati kutikiswa. Mgeni wa watu anabeba kesi bure.
Mimi naongezea kwa #3. Utajiri sio wa kujionyesha tu. Fikiria mfanyabiashara kashuka na jahazi kaskazi inavuma, hamjui mtu, hakuna benki, anataka amkopeshe mwenyeji bidhaa mpaka msimu wa kurudi. Anakaribishwa, anaona ukuta umejaa bakuli za kutoka mbali ambazo kila moja imevuka bahari bila kuvunjika. Hapo anajua huyu mtu ana watu huko nje, ana mkono mrefu. Ile sahani ilikuwa dhamana. Urembo unaofanya kazi.

#7 Mwana wa Ndia Kuu
#6 maneno yako matamu lakini mgeni wa biashara hafiki ndani wewe! Mgeni huishia dakani kwenye mabaraza, akizidi sana sabule, chumba cha wageni. Ndani ni kwa wenyewe. Hiyo dhamana angeionea wapi?

#8 Hesabu Kali
Dah hapo umenipiga kwenye kisigino. Ila habari zinatembea, wanawake wakienda arusini waliona, wakasimulia.

#9 Sponji
Kumbe dhamana ya benki ilikuwa mdomo wa wifi.

#10 Fundi Chokaa
Nyie wote mnazungumzia sahani hamzungumzii ukuta. Mimi nimekarabati nyumba za zamani, magofu pia, nitasema ninachokijua kwa mikono.
Sahani haipachikwi ukuta ukishakauka. Inawekwa plasta ikiwa mbichi. Chokaa ya zamani ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni, yanamwagiwa maji yanachemka yenyewe na kubomoka kuwa unga, halafu unaiacha ilale muda mrefu ndio iwe laini. Hii chokaa haigandi haraka kama saruji, inakauka polepole kwa kuvuta hewa, kwahiyo fundi ana nafasi ya kuisogeza sahani, kuikandamiza, kuipiga ukingo kwa kidole. Kwenye magofu ambako bakuli zimeng'olewa utaona shimo la duara na katikati yake duara jingine dogo, hilo dogo ni alama ya kitako, ile pete ya chini ambayo bakuli inakalia. Ukigusa ni laini kabisa kama imepigwa mhuri jana. Kitako ndicho kinachoshika, chokaa inaingia ndani ya ile pete inakuwa kama kucha.
Kuhusu ufa wa mleta mada, samahani Binti Hamisi, ukuta wa mawe wa pwani una chumvi na unapumua. Unyevu unaingia unatoka. Sahani ya udongo iliyopakwa rangi ya kioo juu inanyonya unyevu kwa nyuma inavimba kidogokidogo, juu kile kioo hakivimbi, mwisho kinaachia. Ukiisogelea utaona pia mistari midogo kama utando wa buibui. Na ukute mtu alishaziba pembeni kwa saruji miaka ya nyuma, saruji haina huruma.
Na kwanini iliwekwa? Mwalimu wangu aliniambia ni saini ya fundi. Umemaliza kazi, unaweka sahani, mwenye nyumba anajua imekwisha. Mimi naamini hivyo.

#11 Binti Hamisi
Fundi saini ndio iwekwe msikitini na makaburini? Maana hata huko zipo. Fundi anasaini kaburi la mtu?

#12 Fundi Chokaa
Hilo la kaburi sina jibu.

#13 Kijana wa Historia
Naona watu wanazunguka. Jibu ni rahisi, hizi bakuli zililetwa na Zheng He, yule amiri wa meli wa Kichina, alifika Malindi akaondoka na twiga, akaacha bakuli kama zawadi, wenyeji wakaona ni vitu vya wafalme wakazipachika misikitini na makaburini kwa heshima. Uzi ufungwe.

#14 Mzee wa Makavazi
Uzi haufungwi kijana, kaa chini kidogo.
Twiga wa Malindi ni kweli, alifika China mwaka 1415. Lakini vyombo vya Kichina vilikuwa vimeshafika pwani hii miaka mia tano na ushee kabla Zheng He hajazaliwa. Manda na Shanga huko kwenye visiwa vya Lamu wachimbaji wamekuta vigae vya Kichina vya karne ya 9. Havikuletwa na meli ya Mchina moja kwa moja, vilipita mkono kwa mkono, bandari za Asia, India, Ghuba ya Uajemi, mpaka jahazi la mwisho linashusha kwetu. Na vingi vya mwanzo si vya Mchina hata kidogo, ni vya Waajemi na Waarabu, vile vya kijani na buluu iliyoiva.
Nendeni Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Pale palichimbwa na mwanaakiolojia Kirkman kuanzia 1948, nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa humo, kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sarafu ya Kichina na nyumba ya bakuli la kauri. Ina maana bakuli lilikuwa jambo kubwa kiasi cha nyumba kuitwa kwa jina lake. Kuna na kaburi lenye mwaka, 802 wa Hijria, ndio 1399.
Huku Tanzania, Kunduchi kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopachikwa bakuli. Kaole karibu na Bagamoyo nguzo zipo, bakuli nyingi zimeng'olewa. Kilwa Kisiwani ule msikiti mdogo wa kuba, ukiinua macho juu unaona duara duara zilizokuwa na bakuli. Kwahiyo swali la Binti Hamisi kwa fundi lina uzito. Kitu kinachokaa kwenye kuba ya msikiti, kwenye nguzo ya kaburi na juu ya mlango wa chumba cha ndani, sababu yake lazima ivuke zote tatu.

#15 Kijana wa Historia
Nimekaa chini mzee wangu. Asante.

#16 Ustadhi Mpole
Nawapa ya lugha muitafune. Neno "kauri" kwa Kiswahili ni yule simbi wa baharini waliokuwa wakitumia kama pesa, na ni hii sahani ya Kichina. Vitu viwili jina moja. Na Wataliano nao sahani hiyo waliita kwa jina la simbi huyohuyo, porcellana, ndio Wazungu wote wakachukua hapo. Sisi na Wataliano hatukukaa kikao. Ni ule mng'ao.
Na "sinia" mnayolia pilau ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha China. Yani mtu anasema hajawahi kumiliki kitu cha Ming na sinia liko jikoni.

#17 Sponji
Sinia letu ni la alumini limebonyea kati, enzi za Ming ndogo.

#18 Hesabu Kali
Ustadhi nyumba ya bakuli la kauri pale Gedi isijekuwa ya simbi basi.

#19 Mzee wa Makavazi
Hapana, ya simbi ipo na yenyewe, ni nyumba nyingine palepale Gedi. Mkienda msichanganye.

#20 Mama Zuu
Nimesoma kimya kimya, nina kisa. Babu yangu mzaa mama alikuwa anaandika kombe. Kwa wasiojua, zinaandikwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji, mara nyingine marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Sahani yake ilikuwa moja tu, pana, nyeupe, ukingoni ina mstari wa kijani na vijani vidogo vilivyogongwa. Hailiwi chakula. Haioshwi kwenye karai la vyombo. Ikishatumika inafutwa inarudi juu kidakani, imegeuzia uso ukutani.
Babu alipofariki kila kitu kiligawiwa, kofia, misahafu, saa. Sahani hakuna aliyeitaka na hakuna aliyethubutu kuitupa. Utampa nani aile wali? Mjomba wangu mkubwa akamuita fundi akaijenga ukutani pale kwenye kidaka chake, uso nje safari hii. Hakuna aliyesema ni ya husuda wala ya utajiri. Ilikuwa hatujui pa kuiweka.
Kwahiyo mleta mada uliza ukoo wenu kama kulikuwa na mtu wa kombe.

#21 Binti Hamisi
Mama Zuu nimesisimkwa. Na mimi sijabadilika, lakini nimesisimkwa.

#22 Mjukuu wa Pangani
Jamani sikutegemea. Asanteni wote.
Majibu: mtu wa kombe, sijui, nitamuuliza shangazi. Fundi Chokaa ni kweli, nimempigia simu binamu yangu akapanda ngazi, anasema kuna utando wa buibui uso mzima na upande wa kulia pana kiraka cha saruji ya kijivu, kumbe kilishazibwa. Nilimuomba pia ayaangalie yale maua kwa karibu. Anasema yanafanana yote, kila ua lina petali tano na petali moja imekatika, na imekatika palepale kwenye maua yote. Hii ina maana gani?

#23 Muokota Vigae
Ina maana mjomba aache kutafuta kiwanja.
Mimi ninakusanya hivi vitu, sio tajiri, naokota na kununua vilivyovunjika. Ua lililokatika mahali pamoja kila mara limegongwa kwa mhuri. Kulikuwa na viwanda Ulaya, vya Maastricht kule Uholanzi vikiwa vinajulikana sana, vilivyotengeneza bakuli na sahani nyingi mno karne ya 19 na kuendelea kwa ajili ya masoko ya mbali, pamoja na pwani yetu. Mapambo waliyagonga kwa sponji iliyochongwa ua, wanachovya rangi, wanagonga, wanazungusha sahani, wanagonga tena. Sponji ikimeguka, ua linameguka mpaka sponji ibadilishwe. Ukibahatika utaona mahali mgongaji alikofika mwisho wa mzunguko akakuta nafasi haitoshi ua zima, akabana nusu. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko Ming yoyote, mtu alikosea hesabu Jumatatu asubuhi na kosa lake limefika Pangani.
Ming yenyewe, 1368 mpaka 1644, buluu yake ni ya kobalti iliyochorwa kwa brashi, mstari unanenepa na kukonda, hakuna maua mawili mapacha. Na kauri halisi ikichomwa vizuri hainyonyi maji, kwahiyo ule utando wa buibui wa unyevu alioueleza Fundi ni dalili ya sahani ya udongo mweupe.
Uhakika ni mgongoni. Vya Petrus Regout wa Maastricht vina mhuri wa yule mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu, na jina la mji. Ila mgongo wa yako uko ndani ya ukuta.

#24 Sponji
Sijawahi kutajwa vizuri hivi humu ndani. Nagonga maua tangu karne ya 19.

#25 Mwana wa Ndia Kuu
Muokota Vigae kweli kabisa, nyanya yangu alikuwa nazo, sisi twaziita tu bakuli za zamani. Lakini kwamba yatoka Uholanzi haiondoi heshima. Wazee hawakuwa na habari ya Ming. Walitaka ing'ae, itoke mbali, basi.

#26 Bahari Kuu
Kuna maelezo hamjagusa. Mtafiti mmoja, Linda Donley, alifanya kazi Lamu, akasema hivi vyombo na zidaka viko ndani kabisa kwasababu huko ndiko mambo mazito ya mwili yalikuwa yanatokea, kuzaa, arobaini, kuosha maiti. Kwahiyo ni kinga, kauri inasafisha na kuzuia uchafu usioonekana usivuke. Inafit na kaburi pia. Mzee wa Makavazi aliomba sababu ya kuvuka zote tatu, hii hapa.

#27 Mama Zuu
Bahari Kuu sijui. Mimi nimejifungulia kwenye chumba cha ndani cha nyumba kama hiyo. Nakumbuka ukuta ule vizuri kwasababu sikuwa na kingine cha kutazama. Nilihesabu vidaka ishirini na tatu, vya juu vidogo hata kikombe hakikai. Mama mkwe aliweka taa ya chemli kwenye kimoja cha kati, na bakuli lililokuwa pembeni likawa linarudisha mwanga mpaka kwangu kitandani. Hakuna aliyeniambia neno kuhusu kinga. Waliniambia nisinywe maji baridi.
Wanaosema kwamba ni kinga wanaweza kuwa sawa, ila watuulize na sisi tuliolala humo.

#28 Hesabu Kali
Hapo kwenye mwanga Mama Zuu umefungua mlango mwingine. Vile vyumba ni virefu vyembamba, upana wake unaamuliwa na boriti za mikoko ambazo hazizidi sana mita tatu, na ndani hakuna madirisha ya maana. Ukuta wa vishubaka na vitu vinavyong'aa unafanya chumba kionekane kina kina. Vile vidogo vya juu visivyoingia kikombe sio rafu, ni vya macho tu. Naacha dhamana, nahamia mwanga.

#29 Mwana wa Ndia Kuu
Kahama tena huyu. Kesho tutamkuta kwa Binti Hamisi.

#30 Shoka Butu
Mimi nilijaribu hii staili nyumbani. Niliona picha mtandaoni nikanunua sahani sita za mikono, za mfinyanzi, nzuri kweli, nikachanganya saruji nikazibandika ukutani sebuleni. Wiki ya kwanza nilikuwa napita tu kuzitazama. Wiki ya tatu moja ikashuka na kipande cha plasta kama biskuti, ikagonga meza ya kioo. Mke wangu hakusema kitu, alileta tu ufagio akanipa. Zilizobaki tano hazitoki, nimejaribu kwa bisibisi, moja nimeimega ukingo. Fundi Chokaa nilikosea wapi?

#31 Fundi Chokaa
Karibu kila mahali ndugu. Ukuta una rangi ya mafuta, saruji haishiki rangi. Sahani haikulowekwa, ikanyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika. Na huenda kitako chake kimepakwa kioo, hakina pa kushika. Ungekwangua mpaka kwenye tofali, ukazamisha sahani sio kuibandika. Hizo tano ziache. Ukitaka nyingine tundika kwa waya wa nyuma, ila ule wa springi usikaze sana, unakaa unavuta ukingo mchana na usiku na sahani yenye ufa usiouona itaachia.

#32 Nyanza Kusini
Wapwani mnatusahau wa bara. Vyombo vya mikono vya kupamba nyumba mnavitafuta Uholanzi na China wakati kina mama wa Kikisi wanafinyanga kule Ikombe, Ziwa Nyasa, wanavusha kwa mitumbwi mpaka gulio la pale Matema. Chungu cha Kikisi ni chembamba ukuta wake, chekundu na michoro meupe, ukikigonga kwa kucha kinaitika. Nina kimoja sebuleni, hakina husuda, hakina Ming, nimewekea funguo.

#33 Binti Hamisi
Kiweke juu ya mlango uone.

#34 Mzee wa Makavazi
Kabla hatujafika mbali, mjomba wa mleta mada asikie. Ikiwa hiyo sahani ni ya kale kama anavyotamani, basi iko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuuza au kutoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ikiwa ni ya sponji kama anavyosema Muokota Vigae, haina bei ya kiwanja. Hapo hakuna upande anaoshinda.
Na ukiing'oa, thamani yake kubwa umeiacha ukutani. Bakuli zilizong'olewa Kaole na Kunduchi, nyingi hakuna ajuaye zilipo. Zilizobaki zinasomeka kwasababu ziko mahali pake.

#35 Ustadhi Mpole
Umenena mzee. Ila ya makaburini mimi bado nina neno, wapo wanazuoni wasiopenda kabisa kaburi kupambwa. Kwahiyo wazee wetu waliofanya hivyo walikuwa na sababu nzito au walikuwa na mazoea tu. Zote zinawezekana.

#36 Sponji
Mimi nasimama na mazoea. Nusu ya vitu nyumbani kwetu viko vilipo kwasababu vilikuwepo.

#37 Mjukuu wa Pangani
Narudi na mrejesho. Nimeongea na shangazi, saa nzima. Mtu wa kombe hakuwepo kwetu. Anasema sahani ilikuja na bibi yake bibi alipoolewa, zilikuwa mbili, ya pili ilivunjika njiani kwenye mtumbwi na hiyo iliyobaki akaogopa kuitumia. Hapo nikaona tumepata. Halafu akaongeza kwamba dada yake marehemu alikuwa anasimulia tofauti, kwamba iliwekwa baada ya mtoto kufariki chumba kile. Nikamuuliza ipi ya kweli akasema "zote nilizisikia kwa watu wazima".
Mjomba nimemsomea #23 na #34. Alinyamaza, halafu akasema yeye hajawahi kusema iuzwe.

#38 Hesabu Kali
Hahaha mjomba kahama haraka kuliko mimi.

#39 Muokota Vigae
Fundi akiwa anakarabati upande wa pili wa ukuta hawezi kutoboa kidogo tuuone huo mhuri? Tundu la kidole tu.

#40 Fundi Chokaa
Wewe! Mtu asiguse.

#41 Mjukuu wa Pangani
Muokota umechelewa. Fundi kakwangua saruji ya kiraka jana, karudishia chokaa kuizunguka sahani yote, kapiga ukingo kwa kidole kama ulivyoeleza Fundi Chokaa, kabla hata sijamsimulia. Picha nitaweka chokaa ikikauka, kwa sasa inaonekana kama imeoga.

#42 Binti Hamisi
Weka. Nitaitazama kidogo tu.